Fort Clatsop: magogo si ya 1805, wala vita havikupiganwa

Fort Clatsop ni ngome ya magogo iliyo karibu na mji wa Astoria, jimbo la Oregon, Marekani. Wageni wengi huyapapasa magogo yake wakiamini yalichongwa na msafara wa Meriwether Lewis na William Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki na ukakaa hapo majira ya baridi ya 1805 hadi 1806. Sivyo. Ngome yao iliozea papo hapo. Mfano wake ulijengwa mwaka 1955, ukateketea kwa moto Oktoba 2005, na huu wa sasa ukafunguliwa mwishoni mwa 2006. Mafundi waliongozwa na mchoro wa Clark mwenyewe.

Theluji je? Waliteswa zaidi na mvua. Katika siku 106 walizokaa hapo, 12 tu ndizo zilizopita bila kunyesha. Nyama ya elki, paa wakubwa wa huko, iliwaozea hata baada ya kukaushwa kwa moshi, na ikabidi watu wapelekwe pwani kuchemsha maji ya bahari wapate chumvi. Ukienda, beba koti la mvua.

Wapo pia wanaodhani waliokaa humo walikuwa wanajeshi Wazungu watupu. Ndani ya vyumba saba walibanana watu 33, wakiwemo Sacagawea wa kabila la Washoshone, mwanawe mchanga, na York, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa Clark. Novemba 1805, kila mtu alipoulizwa wapitishe wapi majira ya baridi, jibu la York liliandikwa pamoja na ya wengine. Usiharakishe kuliita hilo usawa: waliporudi, York aliomba uhuru na Clark akamnyima kwa miaka mingi.

Dhana iliyokomaa kuliko zote ni kwamba ngome iliwakinga na wenyeji wakali. Lango lilifungwa jua likizama, ndiyo, lakini Waclatsop, wenyeji wa eneo hilo, walikuja kuuza samaki, mizizi na kofia za kusuka. Wala hawakuwashangaa wageni. Meli za biashara zilikuwa zikiingia Mto Columbia tangu 1792, na bei walizijua barabara, hadi msafara ukalalamika kuwa ni wagumu wa kupatana nao. Aliyeiba mtumbwi kabla ya kuondoka Machi 1806 ni msafara, ukidai ni fidia ya nyama iliyochukuliwa na Waclatsop. Ngome yenyewe Lewis alimwachia Coboway, chifu wa Waclatsop. Fidia ya mtumbwi ilisubiri hadi 2011, wazao wa Clark walipowakabidhi Wachinook, majirani wa Waclatsop, mwingine wa kufanana nao.