Kwa nini vitabu vya Wahindi wa Afrika Mashariki huanzia kwenye gunia, shajara au sanduku la sari?

Fungua The Gunny Sack, riwaya ya kwanza ya M. G. Vassanji, mwandishi wa asili ya Kihindi aliyekulia Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1989, na utapokewa na gunia. Bibi kizee wa ukoo, Ji Bai, amefariki, na urithi aliomwachia Salim Juma ni gunia kuukuu lililojaa vumbi na makorokoro ya watu waliokufa zamani. Salim analipa gunia hilo jina la kike, Shehrbanoo, kisha anaanza kulichokoa. Kila anachotoa kina kisa chake, na kila kisa kinamrudisha nyuma kizazi kimoja, hadi anafika kwa Dhanji Govindji, kijana aliyetoka Bara Hindi kwa jahazi akashuka Unguja kutafuta riziki.

Miaka mitano baadaye mwandishi huyohuyo akatoa The Book of Secrets. Safari hii ni shajara ya mtawala mmoja wa Kiingereza, iliyoandikwa mwaka 1913 na kuokotwa mwaka 1988 katika chumba cha nyuma cha duka la zamani jijini Dar es Salaam. Mkenya Shailja Patel, katika Migritude ya mwaka 2010, anafungua sanduku jekundu lililochakaa lenye sari ambazo mama yake alizikusanya kwa ajili ya harusi yake. Naye Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala, alipotaka kusimulia maisha yake mwaka 2009 aliyasimulia kwa mapishi: The Settler's Cookbook ni historia ya familia na ni kitabu cha upishi kwa wakati mmoja.

Gunia, shajara, sanduku, sufuria. Hii si bahati nasibu, wala sidhani kwamba waandishi hawa waliigana. Sababu zipo, na ukizifahamu utavisoma vitabu hivi kwa jicho jingine kabisa.

Tuanze na sababu ya kwanza, duka. Wahindi wengi wa pwani hawakuja na reli, ingawa hivyo ndivyo tunavyosimuliwa. Reli ya kutoka Mombasa, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, karibu 2,500 wakafia kazini, na waliosalia wengi wakarudi kwao. Waliobaki hawakufika hata 7,000. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat, magharibi mwa India, walikuwa wamekwisha kujikita Unguja zamani sana. Enzi za Seyyid Said, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Kutoka Unguja wakaingia bara kidogokidogo, wakafungua maduka hata mahali ambapo serikali ya kikoloni haikuwa imefika. Ndiyo maana mpaka leo ukienda Dodoma au Mbeya utakuta mtaa unaoitwa Uhindini.

Sasa, mwenye duka huandika nini? Huandika hesabu. Nani kachukua kibaba cha mchele kwa mkopo, nani kalipa nusu, gunia ngapi za ufuta zimepokelewa. Daftari la duka lilitunzwa kama msahafu, lakini halikuandika kwamba mke alilia usiku kucha au kwamba mtoto alitoroka nyumbani. Tena lugha ya nyumbani kwa wengi ilikuwa Kikachi, ambayo kwa kawaida ilisemwa tu, haikuandikwa. Hesabu ziliandikwa kwa Kigujarati. Wajukuu wakaenda shule wakajifunza Kiingereza, na barabarani wakacheza kwa Kiswahili. Mjukuu akirithi daftari la babu anabaki analigeuzageuza mkononi asiweze kulisoma. Kwake yeye, maandishi ya babu yamegeuka kuwa kitu, sawa na kofia au bakora.

Vassanji amelichora jambo hili vizuri mno katika ile shajara ya Kiingereza. Anayeificha ni mwenye duka anayeitwa kwa jina la utani, Pipa. Mkewe Mariamu amekufa kifo kibaya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Pipa anakikuta kile kitabu kati ya vitu vyake. Hajui kusoma. Lakini anaamini kwamba ndani ya kurasa zile limeandikwa jibu la swali linalomla moyo: mtoto Ali, aliyezaliwa na macho ya rangi isiyo ya kwao, ni wake au ni wa yule mzungu aliyeandika shajara? Basi anakihifadhi kitabu, anakifanyia heshima kama kitu kitakatifu, miaka na miaka, katika duka lake la Mtaa wa Kichwele, ambao leo tunauita Mtaa wa Uhuru. Mtu analinda siri asiyoweza kuisoma. Kila nikifika sehemu hiyo nawafikiria wazee wetu wangapi, wa kila kabila, waliokufa na bahasha za karatasi chini ya godoro.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kupoteza. Mali ya kizazi cha kwanza na cha pili ilikuwa nyumba. Tazama majengo ya zamani ya Kisutu au ya mitaa ya kati ya Dar, yale ambayo hayajavunjwa: juu kabisa, kwenye saruji, utaona jina na mwaka wa kujengwa. Mwenye duka aliweka akiba maisha yake yote ili aandike jina lake pale juu, chini duka, ghorofani familia. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ikapitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ya sheria ile naielewa: Waafrika walio wengi walikuwa wapangaji katika mji wao wenyewe, na Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangaza njia. Lakini kwa mzee aliyekuwa na jengo moja tu, ambalo ndilo lilikuwa pensheni yake, ilikuwa kama kuamka asubuhi na kuambiwa jina lako juu ya ukuta si lako tena. Wengi wakafunga virago kwenda Canada na Uingereza.

Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000 kati yao. Barabara ya Kampala kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari, na kila kizuizi kilikuwa na upekuzi wake. Saa, bangili na mikufu ilibaki barabarani. Nyumba haibebeki. Duka halibebeki. Kinachobaki ni kile kinachoingia mkononi na kisichotamaniwa na askari, kama vile namna ya kukaanga binzari au kiasi cha tangawizi kinachofaa kwenye chai. Ndiyo maana kitabu cha mapishi cha Alibhai-Brown si cha mapishi tu. Ni orodha ya mali pekee ambayo familia ilifanikiwa kuipitisha uwanja wa ndege.

Kuna jambo la kushangaza hapa ambalo wasomaji wengi hawalijui. Peter Nazareth, Mganda mwenye asili ya Goa, alitoa riwaya iitwayo In a Brown Mantle mwaka huohuo wa 1972, muda mfupi kabla ya tangazo la Amin, na ndani yake alikuwa amekwisha kuona kwamba Wahindi watafukuzwa. Hakuwa mganga. Alikuwa mtu mwenye macho, aliyesikia jinsi watu walivyokuwa wakizungumza.

Lakini sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha yote: aibu. Kuna mambo ambayo familia ilikubaliana kutoyasema, na jambo lisilosemwa linahitaji kitu cha kulisemea.

Rudi kwa Dhanji Govindji. Wafanyabiashara wa mwanzo walikuja peke yao. Wake walifuata baadaye, au wasifuate kabisa. Katika mji mdogo wa Matamu, ambao Vassanji aliubuni, Dhanji anapewa mjakazi. Jina lake Bibi Taratibu. Anazaa naye mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamii yake kwa heshima zote, na Bibi Taratibu anawekwa kando, nje ya nyumba na nje ya hesabu. Huseni, chotara, anakua kati ya pande mbili hadi siku moja anatoweka. Hapo ndipo baba anapopagawa. Anamtafuta mwanawe mji kwa mji, anamaliza fedha zake, kisha anagusa fedha za jamaa zilizowekwa kwake kwa amana, na mwisho wake ni kuuawa.

Na Salim Juma, huyu anayelichokoa gunia, ni mjukuu wa Huseni. Maana yake, mama aliyemzaa babu yake ni mtumwa Mwafrika ambaye ukoo mzima ulijitahidi kumsahau. Jamii ambayo kwa miaka mingi ilijifunga ndani ya misikiti, mahekalu na shule zake, ikikataza vijana wake kuoa nje, ina damu ya pwani tangu mwanzo. Gunia linajua. Watu hawakutaka kujua.

Alibhai-Brown naye anatupa kisa cha namna hiyo, na chake si cha kubuni. Akiwa msichana wa shule mjini Kampala alichaguliwa kuigiza Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, na aliyeigiza Romeo alikuwa kijana Mwafrika. Ulikuwa mchezo wa jukwaani tu. Hata hivyo baba yake aliacha kusema naye. Hakusema naye tena. Nikisoma ukurasa ule sioni tofauti kubwa kati ya kimya cha baba yule na kimya cha ukoo wa Dhanji Govindji kuhusu Bibi Taratibu.

Hapa ndipo ninapopima vitabu hivi. Vipo vinavyolilia tu duka lililopotea na bustani iliyokuwa na maua, na mpishi na yaya wanapita kwa nyuma bila majina. Hivyo navisoma nikiwa nimekunja uso. Vile vinavyobaki moyoni ni vile ambavyo mwandishi anathubutu kuiuliza familia yake: sisi tuliumizwa, sawa, na sisi tulimuumiza nani? Katika The In-Between World of Vikram Lall, iliyompa Vassanji tuzo ya Giller, tuzo ya fasihi ya Canada, kwa mara ya pili mwaka 2003, simulizi linaanza Nakuru mwaka 1953, wakati wa Mau Mau. Babu alikuja kujenga reli. Vikram, dada yake Deepa na Njoroge, mtoto wa Kikuyu, wanacheza pamoja. Wakikua, Deepa na Njoroge wanapendana, na nyumba ya Lall inakataa. Vikram mwenyewe anaishia kuwa mtu wa kupitisha fedha chafu za wakubwa baada ya Uhuru. Anasimulia yote akiwa mafichoni Canada, wala hajitakasi.

Hata swali la kama wao ni wenyeji vitabu hivi havilijibu kwa kauli ya kisiasa. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ni hatua kubwa, na wapo waliolia kwa furaha. Lakini lugha ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wake muda mrefu kabla ya gazeti la serikali: laki, chapati, bajia. Hata neno gunia asili yake ni Bara Hindi, na Waingereza nao walilitoa hukohuko walipopata gunny yao. Kwa hiyo jina la riwaya ya Vassanji, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ni neno lilelile lililosafiri kwa njia mbili.

Ukitaka kuanza kusoma, anza na The Gunny Sack kama umekulia Tanzania, kwa sababu utaitambua mitaa. Kama wewe ni mtu wa masimulizi ya kweli, tafuta We Came in Dhows, mabuku matatu ambayo Cynthia Salvadori aliyachapisha mwaka 1996 baada ya kukusanya habari kutoka kwa familia za Kihindi za Kenya, kisa kimoja kimoja, kutoka vinywani mwa wazee. Na kama unaweza kuvumilia kitabu kisichokupa jibu, chukua The Book of Secrets. Pius Fernandes, mwalimu mstaafu Mgoa anayeisoma ile shajara kwa niaba yetu, anapekua, anaulizia, anaunganisha, na mwisho hajui Ali ni mtoto wa nani. Aliyejua ni Mariamu, na Mariamu hakuacha maandishi.