Nyoka wa Kitaoka hawapimi msongo wa mawazo

Imerudi tena mtandaoni ile picha tuli ya maduara yanayoonekana kujizungusha, na maneno yaleyale chini yake: ikitulia, akili imetulia, ikienda mbio, una msongo, eti ni kazi ya profesa wa Kijapani. Safari hii kaniletea mtu aliyekuja kupimiwa miwani, na hofu yake ilikuwa ya kweli.

Profesa huyo hayupo. Picha iliyosambaa 2018 ilichorwa 2016 na mbunifu wa Ukraine, na mwenyewe alijitokeza kukanusha. Kanuni aliyoitumia ni ya Akiyoshi Kitaoka, mwanasaikolojia wa Kyoto, Japani, aliyechora 2003 "nyoka" wake: maduara yaliyotulia ambayo jicho huyaona yakizunguka. Nzi wa matunda nao hudanganyika na mchoro wa aina hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha hivyo 2020. Sijasikia nzi mwenye madeni.

Siri ni mpangilio: nyeusi, kijivu kilichoiva, nyeupe, kijivu hafifu, kisha nyeusi tena. Mwendo hufuata mpangilio huo. Ugeuze, na mzunguko unageuka. Rangi si lazima.

Wanaonikera zaidi ni wajuaji: "Ni macho tu yanacheza." Ndiyo, yanacheza. Hata ukodoe vipi, jicho huteleza, hupepesa, huruka vijirukio usivyovihisi, na kila mara retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huisoma picha upya. Lakini jicho likitikisika linatikisa ukurasa mzima. Mbona maandishi ya pembeni hayazunguki? Mbona duara hili linaenda kulia na jirani yake kushoto, kwa jicho hilohilo, wakati huohuo? Jicho huanzisha tu mwendo. Mwelekeo uko kwenye mchoro. Seli za kuona hujibu upesi zaidi panapokuwa na tofauti kali ya mwanga. Nyeusi na nyeupe hutangulia, vijivu hufuata, basi vitambuzi vya mwendo ubongoni vinasoma kwamba kitu kimehama. Mtafiti wa ubongo Bevil Conway na wenzake walizisikiliza seli hizo kwenye ubongo wa nyani, 2005.

Sasa, kinachoanzisha mwendo huo ni mtelezo wa jicho au kirukio? Mwaka 2006 mtafiti Murakami, akiwa na Kitaoka mwenyewe, alisema mtelezo. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Martinez-Conde likasema vijirukio na kupepesa. Naegemea hao wa pili, ila kiapo sili. Na wapo wenye macho mazima kabisa ambao nyoka hawasogei hata chembe; kwa nini, hakuna aliyenieleza nikaridhika.