Rolex: yanayosemwa na yaliyotokea

Ni kampuni chache za saa zilizosimuliwa mengi kama Rolex, na mengi ya hayo yamepindishwa njiani. Mengine yalianzia kwenye matangazo ya biashara, mengine kwa wauzaji, na mengine yamerudiwarudiwa mitandaoni hadi yakaonekana kweli. Mimi ni mpenzi wa historia ya saa, na naumia kuona hadithi za kubuni zikiifunika historia halisi ambayo inavutia kuzishinda. Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, hakuwa fundi wa kukaa mezani na bisibisi. Kipaji chake kilikuwa kuona thamani ya uvumbuzi ambao wengine hawakuujali, kuuchukua, kuuendeleza, kisha kuwafanya watu wauamini. Ukilishika hilo, dhana nyingi potofu zinajivunja zenyewe.

"Rolex ilizaliwa Uswisi"

Ilizaliwa London, mwaka 1905. Wilsdorf alikuwa Mjerumani wa Kulmbach, Bavaria, aliyefiwa na wazazi wote wawili angali mtoto. Biashara ya saa aliijulia La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akifanya kazi kwa mfanyabiashara aliyeuza saa nchi za nje. Baadaye akahamia Uingereza, na pamoja na shemeji yake Alfred Davis akafungua kampuni ya Wilsdorf & Davis. Waliagiza mashine za saa kutoka kwa Aegler, mtengenezaji wa mji wa Bienne, Uswisi, zikawekwa kwenye makasha na kuuzwa kwa wenye maduka. Jina la Rolex lilisajiliwa mwaka 1908.

Tukumbuke kwamba siku hizo mwanamume alibeba saa mfukoni. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, tena isiyoaminika kwa majira. Ndiyo maana Wilsdorf alihangaikia vyeti. Mwaka 1914 saa yake ndogo ya mkononi ilipata cheti cha daraja A kutoka Kew, kituo cha kupima usahihi wa saa huko Uingereza, baada ya kupimwa kwa siku 45 katika mikao na viwango tofauti vya joto. Hadi hapo, cheti cha aina hiyo kilikwenda zaidi kwa saa kubwa za mabaharia.

Kilichoiondoa kampuni London ni vita na kodi. Mwaka 1915 Uingereza iliweka ushuru wa theluthi moja ya thamani kwa saa kutoka nje, na mtu anayeagiza mashine zake Uswisi hawezi kuishi na mzigo huo. Shughuli zikaanza kuhamia Bienne, na mwaka 1920 Montres Rolex SA ikasajiliwa Geneva.

"Rolex ilivumbua saa isiyoingiza maji, na saa hiyo ikavuka bahari mkononi mwa mwogeleaji"

Katika sentensi hii moja kuna makosa matatu.

La kwanza, makasha ya kuzuia maji na vumbi yalikuwapo kabla. François Borgel wa Geneva alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya kasha la kufunga kwa kukaza kama skrubu tangu 1891. Ugumu ulikuwa kwenye kile kitufe cha pembeni cha kutilia saa ufunguo, maana pale lazima pawe na tundu, na maji hayahitaji zaidi ya tundu. Suluhisho la kitufe kinachokazwa hadi kuziba liliandikiwa hataza na Paul Perregaux na Georges Perret mwaka 1925. Wilsdorf alinunua haki zao, akaliendeleza wazo hilo, na mwaka 1926 akatoa saa aliyoiita Oyster. Kununua wazo zuri na kulifanya bidhaa si aibu hata kidogo. Majina ya wenye wazo tu ndiyo hayapaswi kufutwa.

La pili na la tatu yanamhusu Mercedes Gleitze, karani wa kupiga taipu wa London. Tarehe 7 Oktoba 1927 aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza, Mwingereza wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Siku hiyo hakuwa na Rolex. Siku chache baadaye daktari mmoja mwanamke alidai naye amevuka, tena kwa muda mfupi zaidi, kisha akakiri kwamba alidanganya. Doa likamwangukia hata Gleitze ambaye hakuwa na kosa. Ili kujisafisha akaamua kurudi majini tarehe 21 Oktoba, na ni hapo Wilsdorf alipompa Oyster. Maji yalikuwa baridi mno. Baada ya zaidi ya saa kumi, nguvu zilimwishia akatolewa baharini kabla ya kufika ng'ambo. Saa aliivaa shingoni, si mkononi, na ilikuwa bado inakwenda sawasawa.

Kwa hiyo safari iliyofanikiwa haikuwa na Rolex, na iliyokuwa na Rolex haikufika. Mwezi uliofuata Wilsdorf alilipia ukurasa wa mbele wote wa gazeti la Daily Mail kuitangaza Oyster. Kwangu ujasiri wa Gleitze tarehe 21 unagusa moyo kuliko kuvuka kwenyewe: alirudi kwenye baridi ile kutetea ukweli ambao hakupaswa kuudaiwa.

"Saa ya otomatiki ni uvumbuzi wa Rolex"

Mwingereza John Harwood alishapata hataza ya saa ya mkononi inayojitia ufunguo katika miaka ya 1920, na saa zake ziliuzwa kabla ya Rolex kutoa yake mwaka 1931. Katika saa ya Harwood, kipande cha chuma kilikwenda kikigonga kushoto na kulia. Rolex ikafanya kipande hicho kizunguke duara zima bila kugonga popote, na mpangilio huo ndio uliotawala hadi leo. Kampuni ya Harwood ilianguka katika mdororo wa uchumi.

"Hillary alifika kilele cha Everest akiwa na Rolex"

Rolex ilitoa saa kwa msafara wa 1953, na hilo halina ubishi. Lakini saa ambayo Edmund Hillary mwenyewe alisema alikuwa nayo kileleni tarehe 29 Mei ilikuwa ya Smiths, kampuni ya Kiingereza. Kwa Tenzing Norgay, aliyefika kileleni pamoja naye, inaelezwa kwamba alivaa Rolex.

"Wafungwa wa vita walipewa Rolex bure"

Walikopeshwa. Katika Vita Kuu ya Pili, maofisa na askari wa Uingereza waliofungwa katika kambi za Ujerumani waliweza kumwandikia Wilsdorf, wakaletewa saa kutoka Uswisi, na malipo yakangoja vita viishe. Koplo Clive Nutting aliagiza yake Machi 1943 akiwa Stalag Luft III, kambi ile ile iliyojulikana kwa wafungwa kutoroka kwa kuchimba handaki mwaka 1944. Wilsdorf alimwandikia kwamba asifikirie kabisa kulipa wakati wa vita. Deni lilibaki deni, na vita vilipokwisha lilidaiwa. Hata hivyo, ukimwambia mfungwa kwamba utamdai baada ya vita, umemwambia pia kwamba unaamini atatoka hai, na pengine ndiyo maana barua zile zilithaminiwa.

"Rolex haijawahi kugusa saa za betri"

Iligusa, tena mapema. Ilikuwa kati ya kampuni za Uswisi zilizoshirikiana kutengeneza mashine ya kwatzi, yaani inayotumia betri, iliyoitwa Beta 21, na mwaka 1970 ikatoa saa yenye mashine hiyo. Mwaka 1977 ikaja Oysterquartz, iliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo yule anayesema mshale wa sekunde ukiruka mara moja kwa sekunde lazima saa iwe bandia, hajakutana na Oysterquartz. Vivyo hivyo, mshale wa Rolex ya kawaida hautelezi kama unavyodhaniwa. Mashine nyingi za sasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mshale unasogea hatua nane kila sekunde. Hatua hizo ni ndogo hata jicho huziunganisha, na saa bandia nyingi zinaweza kufanya vivyo hivyo.

"Daytona imegombewa tangu siku ya kwanza, na kila kitu ndani yake ni cha Rolex"

Daytona, saa ya Rolex ya kupimia muda wa mbio za magari, ilitoka mwaka 1963 ikakaa madukani ikisubiri wanunuzi. Ilitiwa ufunguo kwa mkono na mashine yake ilitoka Valjoux, kampuni nyingine. Ilipogeuzwa otomatiki mwaka 1988, mashine ilijengwa juu ya El Primero, mashine ya kampuni ya Zenith. Ni mwaka 2000 tu ndipo Rolex ilipoweka ya kwake. Hata Aegler ya Bienne, mtengenezaji wa mashine tangu mwanzo, ilinunuliwa rasmi mwaka 2004. Kati ya zile Daytona zisizopendwa, zenye uso uliodharauliwa wakati huo, ndimo ilimo saa ya mwigizaji Paul Newman, aliyopewa na mkewe Joanne Woodward ikiwa na maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 2017 iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17.

"Ni mali ya familia ya mabilionea" au "ni shirika lisilotafuta faida"

Yote mawili si sahihi. Wilsdorf hakuwa na watoto. Mkewe alifariki mwaka 1944, na mwaka uliofuata akaanzisha Wakfu wa Hans Wilsdorf, ambao baada ya kifo chake mwaka 1960 ulibaki na umiliki wa kampuni. Wakfu huo hugharamia misaada na miradi, likiwamo daraja lenye jina lake lililofunguliwa Geneva mwaka 2012. Rolex yenyewe ni biashara kamili, inauza ili ipate faida. Haina hisa sokoni, hivyo hailazimiki kutangaza hesabu zake, na takwimu za mauzo yake unazozisoma kila mwaka ni makadirio ya wachambuzi wa nje.