Kutibu majitaka: maana yake kwa mji mdogo wa pwani

Majitaka ni yale yatokayo chooni, bafuni na jikoni. Zaidi ya asilimia 99 yake ni maji matupu, na ndiyo maana wengi hudhani bahari, kwa ukubwa wake, itayameza bila shida. Shida iko kwenye oksijeni.

Bakteria wanapokula kinyesi na mabaki ya chakula, hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, ileile wanayovuta samaki. Lita moja ya maji ya bahari yenye uvuguvugu huwa na miligramu 6 au 7 hivi. Lita moja ya majitaka ya majumbani hudai mara nyingi miligramu 200 hadi 300. Deni hilo hupimwa maabara kwa siku 5, katika nyuzijoto 20. Kutibu majitaka, basi, ni kuwapa bakteria nafasi ya kula ndani ya bwawa au tangi, deni limalizikie huko kabla maji hayajafika ufukweni.

Mwanzoni huchujwa matambara, plastiki na mchanga. Baada ya hapo miji mikubwa hupuliza hewa kwenye matangi yenye tope lililojaa bakteria, mbinu iliyoelezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Inafanya kazi vizuri, lakini hula umeme mchana na usiku. Mji mdogo wenye jua na ardhi hufaidika zaidi na mabwawa. La kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5, halina oksijeni, na vitu vizito hutuama chini. La pili lina kina kidogo. Mwani usioonekana kwa macho hutoa oksijeni mchana, bakteria huitumia. La mwisho ni la kina kifupi zaidi, na humo jua huua vijidudu vya maradhi. Hakuna mashine ya kuharibika, ila tope lazima liondolewe kila baada ya miaka kadhaa. Kazi hiyo ndiyo husahaulika, na bwawa lililojaa tope ni bwawa kwa jina tu.

Pwani ina vikwazo vyake. Mabomba hulazwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, yakipasuka maji ya chumvi huingia. Salfeti, kemikali yenye salfa iliyomo kwenye maji hayo, hugeuzwa na bakteria kuwa gesi inayonuka kama yai viza, nayo kwenye dari la bomba huwa asidi inayotafuna zege. Msimu wa wageni nao huongeza mzigo ghafla, na mtambo uliopimiwa wenyeji tu huzidiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliruka: maji yanaweza kulipa deni la oksijeni na bado yakabeba nitrojeni nyingi, kirutubisho cha mimea. Sehemu kubwa ya bahari ina upungufu wa nitrojeni, kwa hiyo nitrojeni inapomiminwa ghubani, mwani hustawi kupita kiasi, hufa, na kuoza kwake hudai oksijeni upya. Nitrojeni huondolewa kwa kuyapitisha majitaka penye hewa, kisha pasipo hewa, bakteria wakaigeuza gesi ikapanda angani.

Mwishoni hubaki vijidudu. Macho hayatoshi hapa, kwani maji meupe yanaweza kuwa navyo. Chaza huchuja maji mengi kila siku na kukusanya mwilini vijidudu vilivyomo, kisha watu huwala wabichi. Ndiyo maana mlango wa bomba la kutolea maji huwekwa mbali na pale wanapovuliwa.