Kauntatransferensi: pale hisia za mshauri zinapokuwa chombo cha kazi

Mteja anasimulia jinsi mume wake alivyomtupia nguo nje usiku, na anasimulia akitabasamu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Aliyeketi mbele yake, ofisa wa ustawi wa jamii, ndiye anayebanwa na kifua na kukaza taya. Hasira hiyo ni ya nani?

Swali hilo ndilo kiini cha kauntatransferensi, yaani hisia zote zinazomjia mtoa tiba kwa sababu ya kukaa na mteja huyu: hasira, huruma ya kupita kiasi, hofu, mvuto, hata usingizi. Pacha wake ni transferensi, pale mteja anapomchukulia mshauri kana kwamba ndiye mama, baba au mtu mwingine wa maisha yake ya nyuma.

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alipoitaja kauntatransferensi mwaka 1910 aliiona ni kikwazo ambacho tabibu anapaswa kukitambua ndani yake na kukishinda. Mwaka 1950 mchambuzi wa nafsi Paula Heimann aliigeuza hoja hiyo: hisia za mtoa tiba ni chombo cha kumfahamu mgonjwa. Wote wawili walikuwa na hoja. Hisia ni taarifa, lakini taarifa isiyopimwa hupotosha.

Mchambuzi wa nafsi mwingine, Heinrich Racker, alitenganisha aina mbili za kauntatransferensi, na tofauti hiyo husaidia sana kazini. Wakati mwingine mshauri anahisi kile mteja mwenyewe anachohisi au anachokizuia, kama ile hasira ya mke anayetabasamu. Wakati mwingine anahisi walichohisi watu wengine kwa mteja. Kijana anachelewa, anajibu kwa kupandisha mabega tu, na mshauri anajikuta anataka kumgombeza. Pengine sasa amesimama pale pale alipokuwa akisimama baba wa kijana. Akigombeza, historia inajirudia.

Kupima huanza na kuitaja hisia kwa jina moja, kimoyomoyo, na kuona ilipanda kwenye neno gani. Kisha mshauri ajiulize: nimelala vya kutosha? Huyu ananikumbusha nani? Je, ninahisi hivi kwa wateja wote leo, au kwake tu, na kila tunapofika jambo lile lile? Usingizi unaokuja kwa kila mteja wa alasiri ni uchovu. Usingizi unaokuja kila mteja mmoja anapomtaja marehemu kaka yake unastahili kufuatiliwa.

Si kila hisia husemwa. Ikisemwa, isemwe kama jambo la kuchunguza pamoja, si hukumu: "Naona tunapofika kwa kaka yako, mazungumzo yetu yanapoa. Wewe unaonaje?" Mteja akikataa, mshauri akubali, huenda alikosea. Kumwambia "unanikasirisha" ni kumtwisha mteja mzigo usio wake.

Hatari kubwa ni hisia inayotenda kabla haijatambuliwa. Dalili zake ni ndogo: kikao cha dakika 50 kinachofika 70 kwa mteja mmoja tu, miadi inayosahaulika, namba binafsi ya simu inayotolewa, simu ya mteja isiyopigwa kwa wiki nzima. Katika ustawi wa jamii kuna jambo zito zaidi, kwa sababu ofisa huandika ripoti zinazoweza kuamua mtoto akae na nani. Mzazi aliyemwudhi anaweza kuandikwa "mkaidi, hana ushirikiano", na neno hilo likamfuata kwenye faili kwa miaka. Dawa yake ni kuandika kilichoonekana: "Alikatisha mazungumzo mara tatu, akakataa kujibu swali la chanjo." Kila sifa ya tabia kwenye rasimu itafutiwe tukio linaloithibitisha. Isipopatikana, ifutwe.

Mahali pa kuzifungua hisia hizi ni kikao cha usimamizi wa kitaalamu, yaani kikao ambacho mshauri anapitia kazi yake na msimamizi. Mshauri afike na dakika mbili au tatu za mazungumzo alizoziandika neno kwa neno, si maelezo ya jumla kwamba "huyu ni mgumu". Msimamizi anahitaji kuona pale hisia ilipoingia. Likiguswa jeraha la mshauri mwenyewe, mfano msiba ambao haujapoa, alipeleke kwa mshauri wake binafsi. Na kama bado hawezi kumsikiliza mteja huyo bila kuyumba, amkabidhi kwa mwenzake mapema, kwa kikao cha kuagana, na amweleze mteja wazi kwamba mabadiliko hayo hayatokani na kosa la mteja.