Kamera siyo studio nzima: tunayodhani kuhusu kazi za studio ya televisheni

Kundi jipya la wanafunzi likiingia kwenye studio yetu ndogo hapa Sakina, Arusha, swali langu la kwanza huwa ni nani anataka kuanzia wapi. Karibu wote husema kamera. Wawili watatu wanataka kutangaza. Anabaki mmoja, mpole, anayejibu, "Popote tu, mwalimu."

Nawasikiliza, halafu napanga ninavyojua mimi. Kila mtu atakalia kila kiti: kamera, sauti, taa, swicha inayochagua kamera ipi iende hewani, prompta inayomwonyesha mtangazaji maneno ya kusoma, maandishi ya skrini, floo meneja, mwongozaji. Manung'uniko huanza wiki ile ile, na nikiyachunguza nakuta yametokana na mambo ambayo watu wameyaamini kabla hawajafika.

"Nimeshuti harusi nyingi, kamera naijua"

Unaijua ukiwa peke yako. Kwenye sendofu, au sherehe ya kipaimara kule Marangu, mpigapicha anaamua mwenyewe. Bibi akianza kulia anamkimbilia, keki ikikatwa anasogea. Studio ina kamera tatu na wewe ni mmoja wa wapigapicha watatu. Mwongozaji yuko chumba kingine, unamsikia kwenye hedifoni: "Stendibai mbili... teki mbili." Neno la kwanza linakutaka utulie. La pili ni la mtu wa swicha, akuweke hewani. Taa nyekundu ya kamera yako ikiwaka, picha yako ndiyo iliyoko sebuleni kwa watu, kwa hiyo husogei mpaka uambiwe. Ikizimika ndipo kazi inaanza: tafuta picha nyingine ya kumpa mwongozaji.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na fremu nzuri ya uso wa mgeni. Nikaona mikono yake inaongea kuliko mdomo, nikashuka kuifuata kama nilivyozoea harusini. Taa ilikuwa nyekundu. Mtazamaji akatolewa usoni kwa mgeni akapelekwa hadi kwenye kikombe cha chai, akaachwa hapo.

Kuna mambo madogo pia ambayo harusi haifundishi. Kwa lenzi ya studio unazumu mpaka machoni mwa mtu, unaweka fokasi, kisha unarudi nyuma, na picha inabaki kali mradi mtu hajasogea. Lenzi nyingi za kamera za picha za mnato hazikubali hilo. Ukigusa zumu, fokasi imekimbia. Mwanafunzi mwingine alileta kamera aliyotumiwa na ndugu yake kutoka Marekani, picha ikawa inapepesa chini ya taa zetu. Akadhani ni mbovu. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni 50, na kamera ilikuwa imepangwa kwa ajili ya kule. Tuliweka shata 1/50 ya sekunde, ikatulia.

"Sauti ni kumbandika mgeni maiki"

Hapa nakuwa mkali, nakiri. Mtu huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti ikikwaruza anashika rimoti. Na mji huu haumhurumii fundi sauti: masika mvua inapiga mabati mpaka humsikii mwenzako, kiangazi bodaboda zinashindana barabarani.

Kuna siku tulikuwa na mgeni, mama wa makamo, amependeza na shanga za Kimasai shingoni. Maiki ilibandikwa kifuani. Kila akigeuka, shanga zinagonga maiki. Kijana wa sauti alikuwa anaangalia mshale wa kipimo cha sauti, mshale unapanda na kushuka vizuri, yeye ameridhika. Hedifoni iko mezani. Sasa mshale utajuaje kwamba hii ni sauti ya mama na hii ni ya shanga? Sikio ndilo linalojua. Mshale una kazi yake: kwenye mitambo ya dijitali sifuri ndiyo dari, na sauti ikigonga dari inapasuka, hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Lakini huwezi kuutegemea peke yake.

Tatizo lilipogundulika, likaja swali la pili: nani amwambie mama? Fundi sauti yuko nyuma ya kioo. Mwongozaji yuko naye. Floo meneja, binti wa miaka ishirini hivi, akasogea, akainama kidogo: "Shikamoo mama. Samahani, naomba nikusogezee hii maiki ukingoni mwa nguo, shanga zako ni nzuri mno, zinataka kuongea kabla yako." Mama akacheka. Sekunde arobaini, tumemaliza.

"Floo meneja ni wa kupanga viti"

Baada ya kisa hicho sina haja ya kusema mengi. Huyu ndiye mdomo wa mwongozaji ndani ya studio. Anahesabu kwa sauti tano, nne, tatu. Mbili na moja anaonyesha kwa vidole tu, kwa kuwa maiki zimeshafunguliwa. Akizungusha kidole maana yake harakisha, akivuta mikono kama anayenyoosha mpira maana yake refusha. Anasimama karibu na lenzi, ili mtangazaji amwone bila kuonekana anaangalia pembeni.

Ishara hizo ni za mtangazaji, siyo za mgeni. Mzee anasimulia jinsi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivyounda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, mwaka 1933, zimebaki dakika mbili, halafu wewe unampitishia kiganja shingoni, ishara ya kukata? Mtangazaji ndiye atakayejua namna ya kumpokea.

"Prompta ni ya mtu asiyejua kusoma habari"

Hata wazoefu wanaitumia. Ni kioo kilicholala nyuzi 45 mbele ya lenzi. Maandishi yanatoka kwenye skrini iliyo chini yakiwa yamegeuzwa, kioo kinayanyoosha. Mwendeshaji anamfuata msomaji, kamwe asimkimbize. Na Kiswahili kina maneno marefu: "wanaowahangaikia" likikatwa mwisho wa mstari, msomaji atajikwaa hewani. Tarakimu nazo ziandikwe kwa maneno.

Kwenye maandishi ya skrini nina sheria moja tu: mgeni aandike jina lake kwa mkono wake. Massawe ukimwandika Masawe, ukoo mzima utapiga simu.

"Mwongozaji ni wa kutoa amri"

Kwa sehemu kubwa anafanya hesabu za kutoa. Kipindi ni dakika 28, muziki wa kufunga ni sekunde 45, basi lazima uanze dakika ya 27 na sekunde 15, haijalishi mgeni amefika wapi. Huku akitoa hesabu hizo anaangalia kamera tatu na kusikiliza mazungumzo. Wengi wakikaa kiti hiki mara ya kwanza husahau kusema "stendibai", kisha wanamlaumu mpigapicha.

Sisi tuna mtego wa ziada: saa. Ratiba ya kipindi inaandikwa kwa saa 24, wageni tunazungumza nao kwa saa za Kiswahili. Tuliwahi kumtumia mgeni ujumbe, "Tunaanza saa 8." Tulimaanisha asubuhi. Alifika saa nane mchana, amenyoa, amevaa suti, hana kosa lolote.

"Kazi hizi ziko Dar"

Nyingi ziko Dar, kweli. Lakini Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha kuanzia 1995 hadi 2015, na vikao vyake vilirekodiwa kwa sauti na picha. Baadhi ya mashahidi walikuwa wanalindwa wasijulikane. Fikiria kukaa kwenye mitambo ya chumba kama kile, ukijua kubonyeza kitufe kisicho sahihi kunaweza kumweka mtu hatarini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapa hapa na hurusha vikao vyake mubashara. Makanisa yanayorusha ibada za Jumapili kwa kamera mbili tatu siyahesabu, ingawa vijana wangu kadhaa wameanzia huko.

Ijumaa tunabadilishana viti tena. Yule wa kamera mbili anakwenda kwenye sauti, na ameshaniuliza kama hedifoni ni lazima.