Ukombozi: neno linalosema sisi ni wa nani

Mtu mwenye gari lililokwama bandarini Dar es Salaam husema anakwenda kuligomboa. Aliyeweka shamba rehani, akipata pesa, huenda kulikomboa. Ni neno lile lile, matamshi tu yamepishana. Angalia kwamba wote wawili hawasemi wanakwenda kununua. Hata pesa zikiwatoka nyingi kiasi gani, gari ni lake tangu mwanzo na shamba ni lake tangu mwanzo. Mtu hukomboa kilicho chake kilichoangukia mikononi mwa mwingine.

Wakristo wanapomwita Yesu Mkombozi, neno lao ni hilo hilo la bandarini na la rehani. Wanasema kwamba binadamu, pamoja na dhambi zake zote, hakuacha kuwa wa Mungu, na kwamba Mungu amegharamika kumrudisha.

Kwetu Bagamoyo neno hili haliwezi kuwa jepesi. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, na watu waliofungwa minyororo walifika hapa wakavushwa kwa majahazi kwenda Unguja. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Unguja tangu 1863, walivuka bahari wakaanzisha misheni hapa. Walitoa fedha wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa mahali pa kukaa, shule na mashamba. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Kwa hiyo walioanza kusikia mahubiri ya ukombozi katika Misheni ile walikuwa watu waliowahi kutajiwa bei. Hawakuhitaji kuelezwa kukombolewa ni nini.

Ninafundisha watoto wa kipaimara, na mwaka mmoja mtoto alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Yesu alimlipa nani?" Nilinyamaza kidogo. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mtoto yule na mimi. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Yesu anasema amekuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", na kila penye malipo mtu hutaka kumjua mpokeaji. Origeni, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 3, alifikiri fidia ilikwenda kwa Ibilisi, kwa kuwa ndiye aliyewashika mateka. Askofu Gregori wa Nazianzo, karne moja baadaye, alikasirishwa na wazo hilo: mnyang'anyi alipwe, tena malipo yawe Mungu mwenyewe? Katika karne ya 11 Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury, alieleza kwamba deni lilikuwa la heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi, deni ambalo binadamu alipaswa kulilipa na ni Mungu peke yake aliyeweza.

Mimi nilimjibu mtoto kwa njia nyingine. Neno fidia limehama maana. Siku hizi tukisikia fidia tunafikiria mtu aliyebomolewa nyumba barabara ikipanuliwa, au jirani zetu Waislamu wanaotoa kibaba cha chakula kwa kila siku ya Ramadhani mtu asiyoweza kufunga. Katika Biblia fidia ni gharama ya kumtoa mtu kifungoni, na mkazo uko kwa anayegharamika. Sheria ya Musa, Walawi sura ya 25, inasema Mwisraeli akifilisika hata akajiuza kwa mgeni, ndugu yake anaweza kumkomboa: kaka, baba mdogo, mtoto wa baba mdogo. Mkombozi ni jamaa. Tena soma Hosea sura ya 3. Nabii anaambiwa akampende tena mke aliyezini, naye anakwenda kumtoa kwa vipande kumi na vitano vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Anamlipia mke wake mwenyewe! Nani alipokea shayiri ile, Biblia haijishughulishi kutuambia.

Hapo ndipo mfano wa watumwa wa Bagamoyo unapofika kikomo, na ni lazima tuseme wazi. Mtoto aliyetekwa bara akaletwa pwani hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la aliyemteka na aliyemnunua. Mwenye dhambi, kwa imani ya Kikristo, amejiweka rehani mwenyewe. Tofauti ya pili ni kwamba waliokombolewa na Misheni waliishi chini ya ratiba na amri za mapadre, wakilima mashamba ya Misheni, na wapo ambao uhuru huo uliwabana. Mtume Paulo anaposema juu ya uhuru aliotupa Kristo, katika Wagalatia sura ya 5, anakataza kabisa kurudi chini ya kongwa.

Lakini lile la mwanzo, kwamba mtu hukomboa kilicho chake, ndilo ninalopenda watoto walishike. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Mungu hakungoja tutengemae kwanza. Ndugu anayekwenda kumtoa ndugu yake mahabusu hamwambii akatubu ndipo amletee chakula. Anabeba chakula, anakwenda. Toba huja, na ni ya lazima, ila huja kwa mtu ambaye tayari ametafutwa. Katika Isaya 43 maneno ni machache: "nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu."

Usiku wa kuamkia Pasaka, watu wakiwa wameshika mishumaa, huimbwa Mbiu ya Pasaka. Ndani yake mna sentensi inayomshangaa Mungu kwamba, ili amkomboe mtumwa, alimtoa Mwanawe. Makanisa mengi ya Kikatoliki duniani huimba hivyo usiku ule. Hapa kwetu tunaiimba kwenye ardhi ambako watumwa walikombolewa kweli, kwa fedha iliyohesabiwa, na wengine wao walizikwa hapa hapa.